Aliyeshuka Matsangoni

Baiskeli ya kwanza ya mashindano niliyoiona kwa karibu nilidhani imeibwa vipande. Haikuwa na kerieri, haikuwa na madigadi, haikuwa na kengele wala taa. Mwenyewe alikuwa ameiegemeza kwenye ua wa kiwanda cha korosho pale Kilifi, nilipokuwa nikifanya kazi miaka ile ya themanini, naye amechutama chini akibandika kiraka kwenye mpira wa gurudumu. Sisi wanawake wa zamu ya asubuhi tulikuwa tunatoka, vidole vimetuungua kwa mafuta ya maganda, na kila mmoja akampita akashika njia yake. Mimi nikasimama. Ndivyo nilivyoumbwa, kitu nisichokielewa siwezi kukipita.

"Kaka," nikamwambia, "baiskeli isiyobeba hata gunia la muhogo ni baiskeli gani?"

"Hunibeba mimi," akajibu bila kuinua uso.

"Na mkeo akiugua usiku, utampelekaje hospitali?"

"Sina mke."

Wenzangu wakaguna, wakacheka, wakaniita jina ambalo sitaliandika hapa. Ndivyo tulivyojuana, na usinicheke, kuna watu wamejuana kwa mambo ya kipuuzi zaidi.

Alikuwa kijana wa Mtwapa. Tajiri mmoja wa Mombasa, muuza mipira ya magari, alikuwa amewaajiri yeye na wenzake watano, na kazi yao ilikuwa kuendesha baiskeli. Nilimwuliza wanapeleka nini. Akasema hawapeleki kitu. Nikamwuliza basi wanakwenda kuchukua nini. Hawachukui kitu. Wanalipwa mshahara, kama mimi nilivyokuwa nalipwa mshahara, kwa kwenda Malindi na kurudi mikono mitupu. Lo! Nilikaa na habari hiyo siku nzima, nikabangua korosho nikiifikiria, hata nyapara akaniuliza kama nina homa.

Tangu hapo, kila alipopita kufanya mazoezi alisimama pale uani kwetu, na kila aliposimama nilikuwa nimemwekea swali. Mbona miguu yako haina hata unywele mmoja? Hilo ndilo lililowasumbua wenzangu kuliko yote, mwanamume mzima kunyoa miguu kama bi harusi. Akanieleza kwamba mtu wa baiskeli lazima ataanguka, na akianguka kidonda huoshwa vizuri pasipo na nywele, na bandeji haing'oi kitu. Nikawapelekea jibu wenzangu. Hawakuliamini. Mimi niliamini, maana alinionyesha makovu, na makovu hayasemi uongo.

Swali lililonishinda ni la mashindano yenyewe. Aliniambia yatakuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza, Mombasa hadi Mariakani na kurudi, mlima ule wote. Siku ya pili, Mombasa hadi Malindi. Siku ya tatu, kuzunguka mji wa Malindi mpaka vichwa viwazunguke wao. Nikasema sawa, atakayefika wa kwanza siku ya mwisho ndiye mshindi. Akasema siye. Nikasema basi atakayefika wa kwanza mara nyingi. Akasema wala siye, mtu anaweza kushinda mashindano yote bila kuwa wa kwanza hata siku moja.

"Unanifanya mjinga," nikamwambia.

"Wewe hapa kiwandani," akasema, "korosho zako hupimwa lini?"

"Kila jioni."

"Na sifa hutolewa lini?"

"Jumamosi, zikishajumlishwa."

"Aliyekushinda Jumanne kwa kikombe kimoja, ukamshinda Alhamisi kwa debe?"

Ilikuwa hivyo hasa. Wao walijumlisha saa badala ya korosho, na kwao mwenye kidogo ndiye mshindi, na kila asubuhi anayeongoza kwa jumla huvishwa shati la njano ili kila mtu amwone na amwinde. Siku ile ndipo nilipoanza kumpenda, nafikiri. Watu wengi wanajua mambo. Wanaojua kukueleza ukaelewa ni wachache.

Wazee wake walikuja kuposa mwezi wa Disemba. Kwetu ni Matsangoni, nyumba iko kando ya barabara kuu ya Malindi, mikorosho mbele na minazi nyuma, na mama yangu ndiye aliyekuwa baba na mama. Wajomba zangu walikuwepo, ndiyo, walikaa kwenye viti vya mbele wakakohoa inavyotakiwa, lakini neno lilikuwa la mama. Baba yangu alikuwa utingo wa malori. Alianza kulala safarini siku moja, zikawa mbili, zikawa wiki, mwishowe tukasikia ana nyumba nyingine Mariakani, na watoto. Mama hakuwahi kulizungumza jambo hilo mbele yangu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Akawauliza wageni, "Kijana afanya kazi gani?"

Wakamweleza. Walijitahidi, maskini, wakasema mshahara, wakasema tajiri, wakasema picha yake ilitoka gazetini. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Mtu wa barabara," akasema.

Wajomba wakakohoa tena.

"Sisemi ndiyo, wala sisemi la. Nasikia hayo mashindano yatapita hapa mlangoni. Basi na apite, nimwone. Nikishamwona nitajibu."

Wazee wakatazamana. Sote tulielewa, au tulidhani tumeelewa. Kwetu kijana hampiti mtu mzima akiwa juu ya baiskeli. Hushuka, huikokota, husalimu, hujibiwa, ndipo apande mbele ya safari. Na mkwe ndiyo zaidi. Mkwe na mama mkwe hawaonani hivi hivi. Akimwona anakuja, huacha njia, na mama naye hujifunika leso kichwani akageukia kichakani mpaka apite. Jirani yetu mmoja aliwahi kutumbukia mtaroni na magunia mawili ya mahindi kwa kumkwepa mama mkwe, na watu wakamsifu. Lakini hayo ya kukwepana ni ya mkwe aliyekwisha kukubaliwa. Mposaji ambaye hajajibiwa ni kijana kama kijana yeyote. Hushuka, husalimu. Kwa hiyo mtihani ulikuwa wazi: mama atasimama barabarani, na huyu wangu atakuja mbio na mashindano yake. Akimpita, hakuna posa.

Nilimlaumu mama moyoni, nikasema hii ni hila. Heshima si utumwa, lakini nayo ina wakati wake. Kumwomba mtu ashuke katikati ya mashindano ni sawa na kumwomba mpishi wa harusi azime moto aje kukuamkia. Sikumwambia. Mama yangu ana mdomo kama wangu, na ndiye aliyenipa.

Mashindano yakawa mwezi wa pili, kaskazi inavuma kavu, jua la kuchoma utosi. Niliomba ruhusa kwa nyapara, asubuhi ya siku ya pili nikavuka kwenda Mnarani, upande wa Mombasa. Wakati huo daraja la Kilifi halikuwepo. Kila kitu kilichotaka kwenda Malindi kilipanda feri, abiria, malori, mbuzi, maiti na mabwana harusi. Nilitaka kuona kwa macho yangu jambo moja ambalo lilikuwa limenikosesha usingizi: watu wanaokimbizana watavukaje maji?

Umati ulikuwa mkubwa. Wauza korosho na madafu waliacha biashara wakapanda juu ya ukuta. Mara ikaja pikipiki ya polisi, halafu nikamwona, amelala juu ya usukani, mbele kabisa, na nyuma yake mtu mrefu wa shati la njano. Huyo alikuwa nahodha wa timu yao ile ya tajiri, mtu wa bara, mzaliwa wa milimani. Nikapiga kigelegele mpaka koo likauma. Nyuma yao, baada ya muda wa kumaliza kikombe cha chai, wakaja wawili, Mzungu mmoja mwenye pua iliyoungua na kijana mmoja wa Nairobi. Halafu kundi kubwa, halafu waliochoka, halafu waliochoka kabisa.

Pale gatini alikuwepo mzee mwenye saa mbili zimening'inia shingoni. Kila anayefika alimpigia filimbi na kumtazama kwa ukali kama hakimu. Kisha, bila kelele, wale wote waliokuwa wakiuana barabarani wakashuka, wakakokota baiskeli zao, wakaingia kwenye feri. Na mimi nikajipenyeza nyuma yao, nikasimama kati ya lori la nazi na mama mmoja mwenye kuku.

Nisikilize nikueleze nilichokiona. Yule Mzungu, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa akimwinda nahodha kama paka na panya, alinunua korosho kwenye pakiti ya karatasi, akatia kinywani, halafu akamnyooshea nahodha pakiti. Nahodha akachukua. Wakasimama bega kwa bega wakitafuna, wakitazama maji.

Nikamsogelea wangu. Alikuwa amelowa jasho, chumvi imemkauka mashavuni.

"Si mnashindana nyinyi?"

"Hapa hatushindani," akasema. "Saa imesimamishwa."

"Na ile tofauti yenu?"

"Tumeiacha Mnarani. Yule mzee anatuvukia nayo, atatupa upande wa pili. Sisi tutaondoka kwanza, kina Mzungu watashikwa mpaka muda wao utimie."

Nilicheka mpaka mwenye kuku akaniangalia vibaya. Sikuwa nikimcheka mtu. Nilifurahi kwamba kuna watu duniani walikaa wakafikiri, wakapata njia ya kusimamisha saa ili bahari isimwonee mtu. Nikataka kumwuliza mzee wa saa maswali mia. Lakini feri ile haichukui muda mrefu, na swali langu kubwa lilikuwa kwa mwingine.

"Wewe ni wa ngapi?" nikamwuliza.

"Kwa jumla? Sijui. Wa ishirini na kitu."

"Wa ishirini! Mbona kila nikikuona uko mbele?"

Akanielekeza kwa kidevu bendera iliyokuwa juu ya feri, imenyooka kama ubao. "Unaona kaskazi hiyo? Kutoka hapa mpaka Malindi inatupiga usoni. Anayekaa mbele huipokea yote. Anayekaa nyuma yake hupumzika. Mimi nakaa mbele, nahodha anakaa nyuma."

"Halafu mwisho?"

"Mwisho ananipita."

"Yaani wewe ukate upepo, mwenzio avae njano?"

"Ndiyo kazi."

Hasira zilinipanda, sifichi. Nilikuwa nimewatambia wanawake wa kiwanda kizima kwamba mchumba wangu anakwenda kushinda, kumbe mchumba wangu alikuwa pazia la mtu mwingine. Nadhani nilisema hivyo, na kwa sauti, maana nahodha aligeuka, mkono umejaa korosho.

"Sista," akasema kwa Kiswahili chake cha bara, "huyu akiniacha, mimi siwezi fika hata Gede na hii shati. Hao wawili watapokezana upepo, mmoja anavuta, mwingine anapumzika, na mimi niko peke yangu. Wananishika tu. Si mimi nashinda. Ni sisi."

Hasira zikaniisha ghafla. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda alikuwa amesimama mbele yangu ananuka jasho. Nilimwonea fahari kuliko kama angekuwa yeye mwenye njano. Na hapo hapo nikaingiwa na hofu, kwa sababu sasa nilijua hasa kushuka Matsangoni kungegharimu nini, na kungemgharimu nani.

"Mama amesema atakuona ukipita," nikamnong'oneza.

"Najua. Wazee waliniambia."

"Basi pita."

Akanitazama.

"Pita, usishuke. Mama nitamweleza mimi."

"Utamweleza nini?"

"Upepo."

Akacheka, cheko la mtu mwenye midomo iliyopasuka. "Mkwe haelezwi upepo."

"Bado hajawa mkwe wako."

"Ndiyo maana," akasema.

Lango la feri likashuka na kelele zake, mazungumzo yakaishia hapo. Magari yalitolewa kwanza ili barabara iwe wazi. Kwa bahati pikapu ya kiwanda ilikuwemo, inakwenda Gede kuchukua korosho mbichi, na dereva akanipakia mbele. Nilipotazama nyuma niliwaona wamepangwa juu ya gati kama wanafunzi, nahodha na wangu mbele, na yule mzee wa saa amemshika Mzungu kwa nyuma ya kiti, macho kwenye saa, asije akamtoroka.

Tulifika Matsangoni kabla yao kwa muda wa kutosha. Barabara ilikuwa imejaa watu pande mbili, watoto wa shule wameletwa na mwalimu wao, wanawake na leso zao bora. Nikamtafuta mama. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga njia nzima. Ningemshika mkono nimwombe aingie ndani kidogo tu, dakika kumi, kisha atoke aninunie maisha yake yote akitaka.

Hakuwepo. Mbele ya nyumba hakuna mtu. Nikaingia ndani, jikoni, kisimani, hakuna. Jirani yetu mzee, bibi mmoja asiyeona vizuri, akaniambia, "Alikuwa hapa sasa hivi, kajitanda leso mpya. Si yuko hapo?" Nikasema hayuko. Moyo wangu ukashuka kwanza, halafu ukapanda kwa furaha. Hayuko! Basi hakuna wa kusalimiwa, na kijana apite zake. Nikakimbia barabarani kumwonyesha ishara.

Pikipiki ya polisi ikapita. Nikamwona anakuja, uso chini, mabega yanacheza, na shati la njano limemganda nyuma. Mbali kidogo, kwenye ule mnyooko wa barabara, ungeweza kuwaona Mzungu na yule wa Nairobi, wadogo bado, lakini wanapokezana. Nikapunga mikono miwili. "Pita! Pita! Hayupo!"

Watu walikuwa wanashangilia. Sijui kama alinisikia.

Mbele ya nyumba yetu akaangalia upande, akasema neno kwa nahodha, akatoka njiani, akashuka.

Nahodha aligeuka akiwa kwenye mwendo, akapiga ukelele mmoja wa mtu aliyetupwa, kisha hakuwa na la kufanya ila kuinama na kuendelea, peke yake, na kaskazi mbele yake. Na huyu wangu akakokota baiskeli mpaka ukingoni mwa uwanja wetu, akavua kofia yake ndogo, akainamisha kichwa kuelekea mlango uliokuwa wazi.

"Shikamoo, mama."

Nikamfikia nikihema. "Mama hayupo! Wewe una wazimu? Panda! Nenda!"

"Amesema ataniona hapa," akasema, kichwa chini. "Nimesimama anione."

"Hakuna mtu!"

Hakuondoka. Na hapa ndipo mtu wa mbali asingeelewa, lakini sisi sote tuliokuwa pale tulielewa, na tukaumia. Alikuwa ameamkia. Mtu akishaamkia hawezi kugeuza mgongo kabla hajaitikiwa, itakuwa ameitupa salamu chini. Alikuwa akingoja marahaba. Nyuma yake Mzungu na yule wa Nairobi walipita kama upepo, mmoja anavuta, mwingine anapumzika, na Mzungu aligeuza kichwa kumtazama kwa mshangao mkubwa. Halafu kundi zima likapita, magurudumu yanavuma kama nyuki. Yeye amesimama tu, kofia mkononi.

Yule bibi jirani ndiye aliyemhurumia. "Marahaba, baba!" akapaza sauti kutoka kwenye kizingiti chake. "Marahaba! Enda, mwanangu, enda!"

Akavaa kofia, akapanda, akaenda. Sikulia pale. Nilisubiri mpaka gari la mwisho limepita na watu wameanza kutawanyika, ndipo nikaketi chini kwenye mchanga nikalia kwa hasira, maana sikujua nimkasirikie nani.

Kisha majani ya mkorosho wa pili kutoka barabarani yakatikisika, na mama yangu akatoka nyuma yake, leso imemfunika mpaka pua.

"Mama!" Niliruka. "Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mkorosho."

"Ulisema utamwona!"

"Nimemwona. Majani yana nafasi."

"Ameshuka! Ameshuka kwa ajili yako, amesimama hapo kama mwizi aliyekamatwa, na wewe umejificha? Hata kumwitikia?"

"Nani alimwambia ashuke?" Mama naye alikuwa amefoka. "Mtu yuko kazini! Nilijificha ili apite, asipate taabu. Asubuhi nzima nafikiri, huyu akinikuta barabarani itakuwaje? Na zile kaptula zenyewe, astaghafiru, zimembana vile, nikisimama mbele yake nitazame wapi? Nikasema niondoke, kijana apite kwa raha zake. Kumbe anashuka! Anasalimia mlango! Mimi nami siwezi kuitikia, nimeshajificha. Umeona wapi mama mkwe anamwitikia mkwewe kichakani?"

Nilihitaji muda kulisikia vizuri alilolisema. Mtu hamkwepi mposaji. Humkwepa mkwe.

"Tangu lini, mama?" nikamwuliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini ni mkwe wako?"

Akakunja leso yake upya, akaanza kuokota kuni ambazo hazikuwa na haja ya kuokotwa. "Tangu asubuhi," akasema. "Nilipoona namfikiria taabu yake."

Nahodha alishikwa kabla ya Gede. Jioni ile Malindi Mzungu ndiye aliyevishwa njano, na kesho yake wakazunguka mji, Muyeye na kwingineko, nahodha akijaribu kila kona kuirudisha, lakini katika mji huwezi kumwacha mtu mbali. Nasikia nahodha hakumtukana huyu wangu. Alimwuliza tu, "Ulikuwa unasalimia nani? Mimi sikuona mtu." Tajiri hakuuliza. Alichukua baiskeli yake, maana ilikuwa yake, na shati lake, na akamwambia atafute kazi ya kushuka-shuka. Miaka minne ya kukata upepo ikaishia kwenye ukumbi wa hoteli, mbele ya watu.

Alikuja Matsangoni siku chache baadaye, kwa miguu, amevaa suruali ndefu. Sikuwahi kumwona akitembea safari; alitembea vibaya, kama mtu anayevaa viatu vya mwenzake. Mama alikuwa uani anapeta mchele. Alipomwona kwa mbali aliacha ungo, akaingia ndani, akarudisha mlango ukabaki ufa. Mimi nikakaa kizingitini, katikati yao.

Akasimama nje, palepale. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikatoka ndani. Kisha tena, "Marahaba. Hiyo ya pili ni ya siku ile."

Niliona uso wake unabadilika. "Mama alikuwepo siku ile?"

"Nilikuwepo."

Alitazama barabara, akatazama mikorosho, na nikaona anahesabu moyoni kila alichokipoteza, na kwamba hakuna hata kimoja alichohitajika kukipoteza. Nikaogopa.

"Keti, mwanangu," mama akasema kutoka ndani. "Nikwambie jambo, na huyu asikie, hajalisikia. Babake alipita hapa mara moja juu ya lori la saruji, linakwenda Malindi. Nilipata habari kwamba atapita. Nikasimama hapo ulipo wewe, huyu nimembeba mgongoni, nimevaa leso mpya. Akaniona. Tulionana macho kwa macho. Lori halikupunguza hata mwendo."

Kuku walikuwa wanadonoa mchele ungoni, na hakuna aliyewafukuza.

"Wewe hukuniona," mama akasema, "na ukashuka. Nenda kawaite wazee wako."